Herufi N Katika Jina la Amina

Namuwongo, Kampala
Jumatano, alasiri

Mwanangu Wakesho,

Niwie radhi kwa kimya changu cha wiki saba. Watu huomba radhi ya namna hii wanapokuwa mbali, barua ikachelewa au anwani ikapotea. Mimi sina udhuru huo. Nimekaa kimya upande wa pili wa meza ileile unayolia chakula, nikipokea sahani kutoka mkononi mwako na kukurudishia ikiwa tupu. Neno nililokuambia mara nyingi zaidi katika wiki hizo ni "haya". Hata ulipotuarifu, mama yako na mimi, kwamba umeamua kwenda Nairobi kwa mama yako mdogo, nilisema "haya", kisha nikaendelea kuchonga penseli ambayo ilikuwa imekwisha kuchongeka.

Ninaandika sasa kwa sababu umekwenda Port Bell kumuaga Nakato, na mama yako yuko sokoni, na nyumba ni yangu mpaka jioni. Kesho alfajiri utapanda basi. Mama yako ataitia barua hii katika mfuko wako, chini ya nguo, nawe utaiona ukiwa umekwisha kuvuka mpaka. Nimetaka iwe hivyo. Sikutaka uisome ukiwa mlangoni, ukajiona unalazimika kuamua jambo huku dereva anapiga honi.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kutunza hati zako, wala ya namna ya kuishi na watu wa nyumba ile. Mama yako amekwisha kukuambia hayo, na mengi ulikuwa ukiyafanya kabla hujaambiwa. Nitakuandikia habari ya herufi N. Lakini siwezi kuanzia hapo, maana kosa langu halikuanzia hapo.

Unajua kwamba kazi ya mifarishi, haya matandiko ya vipande vya nguo vilivyoungwa, katika nyumba hii ni ya mama yako. Alijifunza kwa mke wa daktari mmoja aliyemfanyia kazi pale Mengo kabla hujazaliwa. Unaijua kazi yenyewe kuliko mimi, na ninaieleza hapa kwa sababu ni lazima nikuonyeshe mahali hasa nilipokosea. Mchoro huchorwa kwenye karatasi kwa rula, na kila sehemu hupewa namba. Vipande vya nguo huwekwa nyuma ya karatasi, kimoja baada ya kingine kwa kufuata namba zile, na mshonaji hushona upande wa mbele, juu ya mstari wa penseli, asiione nguo mpaka aigeuze. Mishono huwa midogo sana, ili mwishoni karatasi ichanike bila kuuvuta uzi. Karatasi ikiisha kutolewa, nyota yenye vipande arobaini hubaki imetulia, kila ncha mahali pake. Kazi hii haijui mviringo. Inajua mistari iliyonyooka tu, na nadhani ndiyo sababu niliipenda.

Karatasi za mwanzo zilitoka kwangu. Wakati huo nilikuwa ningali mwalimu wa Kiswahili wa makurutu wa polisi, na nilikuwa na marundo ya mitihani ya zamani ambayo hakuna aliyeitaka tena. Mama yako alichora nyota zake nyuma ya "Sahihisha sentensi zifuatazo". Wewe ulijifunza kusoma kwa vipande vile. Ulikuwa ukikaa chini ya meza, ukivitoa vijikaratasi kutoka kwenye mishono, ukisoma nusu ya neno hapa na nusu ya neno pale, na ulipofika mwisho wa kijikaratasi uliubuni mwisho wa neno mwenyewe.

Sasa nikukumbushe Januari ile ya mwaka wa themanini na sita. Ulikuwa na miaka saba. Kwa siku tatu hatukutoka nje. Bunduki zilikuwa zikisikika upande wa katikati ya mji, na askari waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wakipita kando ya reli, wengine bila viatu. Mama yako aliteremsha kazi yake sakafuni, mbali na dirisha, akashona, kwa kuwa alisema mikono isiyo na kazi ndiyo inayosikia bunduki zaidi. Karatasi zilikuwa zimetandazwa chumba kizima, kila moja na mistari yake na namba zake. Hivyo ndivyo alivyozikuta yule askari aliyeusukuma mlango.

Alizitazama muda mrefu. Kisha akaninyoshea bunduki, si kifuani, ila upande wangu.

"Hii karatasi iko ya nini? Hii iko ramani?"

Mtu mwingine yeyote angejua la kujibu. Mimi niliogopa kama yeyote, lakini mdomo wangu una mazoea yake, nao ulitangulia mbele ya akili. Nikamwambia, "Karatasi hizi ni za nini. Zikiwa nyingi, ni hizi."

Mama yako alinifinya mguu. Askari akasema, "Mzee, unasema nini?"

Nawe ukasimama. Ulikuwa umevaa gauni lako la manjano lenye kifungo kimoja. Ukaokota kipande kimoja, ukakigeuza, ukamwonyesha upande wa nguo.

"Afande, hapana ramani. Hii iko ya mama, ya kushona. Ona, hapa iko nyota."

Akainama akaitazama ile nyota nyekundu. "Kumbe," akasema. "Nyota." Akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kuichafua. Kisha akakuambia, "Hii mimi nabeba," akaitia mfukoni, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Ninajua unaikumbuka siku hiyo, kwa sababu nimekusikia ukimsimulia Nakato, nanyi mkicheka. Lakini katika masimulizi yako unaishia pale mlango ulipofungwa. Huendelei mbele, na ninadhani unafanya hivyo ili kunistahi. Mimi nitaendelea. Mlango ulipofungwa, ulinikimbilia ukaling'ang'ania shati langu, nami nikakuambia: "Si 'hii iko ya mama'. Sema 'karatasi hizi ni za mama'. Rudia."

Nawe ukarudia.

Mama yako aliniambia, "Mkeo na mtoto wako wako hai, nawe unauliza ngeli." Nilimjibu kwamba hatari si sababu ya kusema ovyo. Nililiona jibu hilo kuwa zuri. Nimeliona hivyo kwa miaka mingi.

Simlaumu mwalimu wangu wa Taita, ingawa ndiye aliyenitia mazoea haya. Alikuwa akitupiga kwenye vifundo vya vidole kwa kila upatanisho uliokosewa, nasi tuliamini kwamba mtu anayesema "kitabu yangu" ataiba pia. Nilipovuka kuja Uganda nikiwa kijana, nilikuta watu wanaosema "kitabu yangu" ambao hawaibi, na wengine wanaosema "kitabu changu" ambao ni wezi wakubwa. Nililiona hilo kwa macho yangu. Sikulifanyia kazi.

Vita vilipokwisha, kazi yangu nayo ikaisha. Hakuna aliyenifukuza kwa maneno. Darasa halikuitishwa tena, basi. Watu wa mji huu walikuwa wamekichoka Kiswahili. Kwao kilikuwa lugha ya mtu anayekuamuru ulale kifudifudi. Mama Nakato, jirani yetu wakati huo, aliniambia siku moja kwa upole kabisa, "Mwarimu, wewe sema na sisi Luganda kidogo kidogo. Hiyo Swahili yako nzuri-nzuri inatutisha." Nilirudi nyumbani nikakaa. Mifarishi ya mama yako ndiyo iliyotulisha, nami, kwa kuwa sikuweza kukaa tu, nikaichukua rula. Nikasema kuanzia leo michoro yote nitaichora mimi, kwa sababu mistari ya mama yako ilikuwa ikikosea kwa unene wa uzi. Ni kweli ilikuwa ikikosea. Na ni kweli pia kwamba mifarishi yake ilikuwa ikilala sawa kitandani. Treni ya kwenda Port Bell ilipopita na meza ikatikisika, niliinua penseli nikangoja. Kwa miaka hiyo yote hakuna mstari wangu uliopinda, na nilimwambia hivyo kila aliyekuja kutazama.

Kuna siku nyingine ambayo wewe huenda umeisahau. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliingia kutoka shuleni, hukuvua viatu, ukaja moja kwa moja mpaka mezani kwangu.

"Baba, kule shuleni wananichekanga..."

"Wananicheka," nikasema. "Hiyo 'nga' umeitoa wapi?"

"Wananicheka," ukasema.

"Vema. Endelea."

Ukainama ukavua viatu. Kisha ukasema, "Basi, Baba. Si kitu," ukaenda jikoni.

Niliridhika. Sentensi ilikuwa imenyooka. Mpaka leo sijui ni nani waliokuwa wakikucheka, wala walikuwa wakikucheka kwa nini, wala jambo hilo liliendelea kwa muda gani. Tangu siku hiyo nilikuwa nikikusikia jikoni ukimweleza mama yako mambo, haraka haraka, kwa Kiswahili cha mtaani na Kiganda ndani yake, mkicheka. Nikiingia, mnanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Sasa nimefika kwenye N.

Hajati Zubeda alipokuja mwaka huu kuagiza mfarishi wa harusi ya mwanawe, alikuja kwa ajili yako. Ninataka ulijue hilo, kwa kuwa siku ile mimi ndiye niliyempokea, nami sikukupa maneno yake yote. Alisema, "Mwalimu, mimi nauza vitenge tangu mume wangu alikuwa hai, na najua mkono. Mkono wa huyu msichana wako uko na adabu." Akasema ana chumba nyuma ya duka lake pale Mengo, ana cherehani mbili zimekaa bure, na harusi ikiisha anataka wewe ukikalie chumba hicho na kuwafundisha wasichana wengine. Nami nikakuambia tu, "Hajati ameridhika."

Alitaka jina la bibi harusi katikati ya mfarishi: AMINA. Hatukuwa tumewahi kushona herufi. Nyota, miraba, misumeno, hayo yote yanalingana pande zote, hata yakigeuka hakuna anayejua. Nilichora herufi tano katika karatasi tano, nikafurahi sana, kwa sababu hakuna hata moja yenye mviringo. Ukaja ukatazama.

"Baba, za namna hii huchorwa kinyume. Nguo ikiwa upande wa pili, zitageuka."

"Shona A tuone."

Ukashona A. Ikatoka A. Ukashona M, ikatoka M. Ukashona I.

"Umeona?" nikasema. "Kanuni yako iko wapi?"

"Baba, hizo zinafanana kulia na kushoto. N haifanani."

"Wakesho, nimefundisha herufi miaka ishirini na mitatu. Herufi haiandikwi kinyume."

Ulikaa na karatasi mkononi. Kisha ukasema, "Nishone hivi ilivyo?"

"Shona."

Ulishona kama nilivyoamuru. Ulipomaliza ukasema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba ungependa kuifumua na kuirudia, nami nikakuambia mambo ya herufi uniachie mimi. Mama yako, ambaye hakupata kusoma, aliniuliza, "Liko sawa?" Niliutazama mfarishi mzima, Wakesho. Ninakuapia niliutazama. Mimi niliyeona nukta iliyokosekana katika ukurasa wa mtu asiyejua hata kushika kalamu, niliitazama ile N iliyogeuka, na jicho langu likasoma jina nililokwisha kulijua. "Liko sawa," nikasema.

Yaliyotokea sebuleni kwa Hajati uliyaona, lakini uliyaona ukiwa umepiga magoti na kuinamisha uso, kwa hiyo nitakuandikia nilivyoyaona mimi niliyekuwa nimesimama. Mashangazi wa bibi harusi walikuwa wanane, juu ya mkeka. Mfarishi ulikuwa umetandazwa mbele yao. Yule mdogo wao, mwenye miwani, alikuwa akicheka mpaka anajifuta macho.

"Hajati, mmemwandikia mtoto wetu jina la Kirusi? Hii herufi mimi niliiona kwa malori ya jeshi."

Wengine wakacheka naye. Lakini mkubwa wao hakucheka. Alisema, "Bibi harusi anaingia nyumba ya watu, na jina lake limewapa mgongo. Hiyo kitu haitandikwi kwa kitanda." Akaukunja kwa mkono wake, upande wa nguo ndani.

Hajati akanitazama. "Mwalimu?"

Nikasema: "Binti yangu aliiweka karatasi kinyume."

Ningependa kukuandikia kwamba wakati ule sikujua. Nilijua. Nilijua nilipoiona ile N ikiwa sakafuni kwa watu wengine, na nilijua vizuri kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nimeichambua sentensi hiyo mara nyingi katika wiki hizi saba. Ina kiima, ina kiarifu, upatanisho wake umekamilika, hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza. Ni sentensi sahihi, nayo ni uongo.

Nilikungoja useme. Ulikuwa na haki ya kusema. Ungesema, "Baba ndiye aliyechora," na wanane wale wangekusadiki, kwa maana watu hupenda kusikia kwamba mwalimu amekosa. Ukasema:

"Nisameheni, mashangazi. Mimi ndio nilikosanga."

Niliisikia ile "nga". Tangu uanze kusema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza nisikusahihishe. Nami sijakusahihisha tena tangu siku hiyo, kwa kuwa sijasema nawe.

Hajati alisema mbele ya wote kwamba hawezi kumweka katika chumba chake msichana asiyeitazama kazi yake. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, wewe nyuma. Nilikaza mwendo. Watu waliotuona walidhani nimekasirika, na wewe pia ulidhani hivyo, nami nikakuacha udhani. Hasira ni vazi la heshima kwa mzee. Aibu haina vazi. Kama kuna jambo moja ambalo ningetaka ulichukue kutoka kwangu, ni hili la kumtambua mtu anayenyamaza kwa aibu akijifanya amekasirika. Utawakuta wengi. Usiwangoje wiki saba.

Mama yako hakunigombeza. Juma lililopita, alipokuwa akikunja nguo zako, alisema bila kunitazama, "Kosa la sindano hufumuliwa kwa sindano. Lako ulilifanya kwa mdomo." Kisha akaendelea kukunja.

Leo asubuhi nilivaa koti, nikachukua kutoka kwenye mkebe wa michoro yangu nakala ya kaboni ya ile N, yenye mwandiko wangu na namba zangu, nikapanda kwenda Mengo. Hukuniuliza ninakwenda wapi. Hajati alikuwa akipima kitenge.

"Mwalimu," akasema. "Leo umekuja kukosoa nani?"

"Nimekuja kwa ajili ya N," nikasema. Nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa mlango, nikamwonyesha upande wa penseli, kisha nikaigeuza nikamwonyesha upande ambao nguo hukaa. Nikamwambia kwamba mchoro ni wangu, kwamba binti yangu aliniambia kabla ya kushona na baada ya kushona, na kwamba mbele ya wageni wake nilisema uongo.

Alimaliza kukata kile kitenge, akampa mteja. Kisha akasema, "Mimi nilijua iko kitu. Mtoto anayeshona hivyo hawezi kukosa jambo la namna hiyo. Lakini baba yake amesema, nitafanya nini?" Akaichukua karatasi, akaigeuza yeye mwenyewe, mara mbili. "Na huyu msichana yuko wapi?"

"Anaondoka kesho."

"Kesho." Akanirudishia karatasi. "Umengojea mpaka mtoto amefunga mzigo, ndiyo unakuja na karatasi."

Nilisema ndiyo.

Nilimwomba aniruhusu niifumue ile N na kushona nyingine, nami nitaishona kwa mkono wangu. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Wewe? Na vidole hivyo?" Kisha akawa na uso mkavu tena. "Sikiza, Mwalimu. Uongo ulisema mbele ya watu wanane. Ukweli unaniambia mimi peke yangu hapa kwa mlango, na hii mita ya kupima kitenge kwa mkono wangu. Hiyo haitoshi. Ijumaa baada ya swala, mashangazi wanakuja kwangu kupanga harusi. Kuja useme mbele yao. Wakisikia, hapo ndiyo tutaamua: huo mfarishi utandikwe ama hapana, na chumba pia. Chumba sijakipa mtu. Lakini leo siahidi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Wakesho, wala sikuongeza wala sikupunguza. Hajasema ndiyo. Yule shangazi mkubwa ni mtu mgumu, nami sioni kwa nini anisikilize kwa upole. Huenda wakanisikia wakakataa vyote viwili. Huenda wakaukubali mfarishi na chumba wakampa mwingine. Na hata wakikuita, sikuombi urudi. Ulipoamua kwenda uliamua kwa akili yako, na mama yako mdogo anakungojea na kazi yake ya kushona mapazia, na Nairobi kuna watu wengi watakaoujua mkono wako bila mimi kusimama kati yako na wao. Chumba hicho kilikuwa chako kabla sijakipoteza. Ninachotaka ni kukirudisha mahali kilipokuwa, ili ukikikataa, ukikatae wewe.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikukuambia haya kwa mdomo leo jioni. Nimelifikiria hilo. Ninaogopa kwamba ungenijibu, na katikati ya jibu lako ungesema neno ambalo sikio langu lingelikamata, na uso wangu ungebadilika hata kama ningeufunga mdomo, nawe ungesema, "Basi, Baba. Si kitu." Ukiandika, nitasoma peke yangu. Niandikie jinsi unavyosema na Nakato. Sitaishika kalamu nyekundu. Nimempa mama yako aiweke anapojua yeye.

Mtu anayekuambia kwamba mistari yako inakosea kwa unene wa uzi, msikilize, kisha kautazame mfarishi kama umelala sawa. Nilikuwa nimetaka kuandika mengi ya namna hii. Nimeyafuta, kwa sababu niliyasoma nikaona ni mimi yuleyule.

Sentensi nitakayoisema Ijumaa nimekwisha kuiandika na kuifuta mara kadhaa. Ilikuwa ndefu. Sasa ni fupi: "Binti yangu aliniambia kweli, nami niliwaambia ninyi uongo, N ni yangu." Nitaisema nikiwa nimesimama palepale niliposimama siku ile. Watakalojibu sitalijadili, wala sitawasahihisha.

Ninasikia sauti ya mama yako kwa jirani, kwa hiyo nafunga barua. Jioni hii nitakuomba chumvi mezani na huenda nisiweze kusema zaidi ya hapo. Ukishaisoma barua hii utajua ni kwa nini nilikuwa nikikutazama.

Ijumaa, wakiisha kuamua, nitarudi kutoka Mengo nikae kwenye kiti hiki na kukuandikia kabla sijavua koti. Nitayaandika maneno yao kama watakavyoyasema, yawe ya kukukubali au ya kukukataa, na jina lako litakuwa safi katika vinywa vya watu wanane, hata kama langu halitakuwa.

Mimi baba yako,
Mwalimu Mwakio